Mkate Chini ya Mstari

Nchi hiyo ilikuwapo, na mpaka leo ipo; asiyeamini aje asubuhi anione nimesimama foleni ya mkate. Jina lake silitaji. Si kwa woga. Jina letu limekuwa refu mno tangu tuwe wa kwanza duniani, nami nina daftari moja tu.

Tulikuwa wa kwanza kwa gesi. Naomba nieleweke vizuri hapa, maana watu wa nje hupenda kutupunguzia sifa. Hatukuwa na gesi nyingi kuliko wote. Zipo nchi ambazo gesi yao ingeimeza yetu kama ng'ombe anavyomeza inzi. Wala hatukuitumia kuliko wote, kwa sababu hatukuitumia kabisa. Ililala chini ya Ziwa Kimya, pale alipoilaza Mungu, na ufukweni walisimama askari sitini wakilinda isiamshwe. Sifa yetu ilikuwa nyingine. Kipo chuo kimoja ng'ambo ya bahari mbili ambacho kila mwaka hutoa kitabu cha kuyapanga mataifa kwa kila jambo: lipi lina mvua, lipi lina vipara. Katika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, wataalamu wa chuo hicho walichukua gesi iliyomo ardhini mwa kila nchi, wakaigawa kwa ukubwa wa uchumi wa nchi hiyo. Tukatoka wa kwanza.

Hesabu za namna hiyo nilizisoma shule ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kupima magunia mchana kutwa. Mwalimu wetu alitufundisha kwa mkate. Mkate unakaa juu ya mstari, watu wanakaa chini ya mstari. Watu wakipungua, kipande cha kila mmoja kinanenepa. Kwa hiyo nilipousoma ukurasa ule nilielewa mara moja kwamba zipo njia mbili za kuwa wa kwanza: kuwa na kitu kikubwa juu, au kuwa na kitu kidogo sana chini. Sikumwambia mtu. Siku ya sherehe si siku ya kuonyesha elimu.

Baba Mlezi wa Taifa alihutubia kwa saa nne. “Ndugu wananchi,” alisema, “mataifa makubwa yameinama, yakachungulia chini ya miguu yao, yakaona udongo. Sisi tumechungulia, tukaona heshima!” Tulipiga makofi mpaka viganja vikaota malengelenge. Kila nyumba ikapewa Cheti cha Nafasi ya Kwanza, kikubwa kama nusu ya mlango, ndani ya fremu ya mninga. Pamoja na cheti tukapewa jiko la gesi la pleti nne. Mitungi haikuletwa, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba gesi ikichomwa hupungua. Kina mama wakayafunika majiko yale kwa vitambaa vya kufuma, wakayaweka sebuleni mahali pa kuonekana na wageni, wakatoka uani kupuliza mkaa.

Sharti nieleze pia jambo moja la serikali yetu. Kwa bahati njema ya nchi, watu wenye akili wote walizaliwa Kilimani. Baba Mlezi mwenyewe alizaliwa Kilimani. Alipoingia madarakani akawatafuta wenye akili nchi nzima, na kila alipochimba, akili ikatokea Kilimani. Mawaziri, wakuu wa polisi, madereva wao, hata mpiga tarumbeta wa taifa, wote wa Kilimani. Basi watu wa Kilimani na watu wa Mtoni ni watani tangu enzi za mababu. Hutukanana msibani, hunyang'anyana nyama sahanini, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Yako mengi katika utani wao, lakini sharti lake kubwa ni hili: mtani hauziwi. Mtani hupewa, au hujichukulia. Kumtajia bei ni kumwambia kwamba si ndugu yako.

*

Mwaka uliofuata kitabu kilipofika, tulikuwa wa pili.

Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Waziri wa Gesi Tuli, Mheshimiwa Zegamba, akawakamata wachota maji kumi na mmoja wa Ziwa Kimya kwa kosa la kupumua juu ya akiba. Gesi ikapimwa upya. Ikaonekana ipo yote, haijapungua hata pumzi moja. Hapo ndipo alipojitokeza Bwana Lugendo, ofisa wa takwimu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuheshimika.

“Mheshimiwa, juu ya mstari hakuna tatizo. Tatizo liko chini. Uchumi umekua.”

“Umekua? Nani aliuruhusu?”

“Umekua wenyewe, Mheshimiwa.”

“Katika nchi hii hakuna kitu kinachokua chenyewe. Mtafute aliyeukuza.”

Bwana Lugendo alitafuta wiki saba. Alifuata nyayo za ukuaji kutoka mji hadi mji, mtaa hadi mtaa, mpaka zikamfikisha Mtaa wa Tofali, kwenye tanuri la mikate la Bi. Siwema, mjane wa watu wa Mtoni. Aliporudi, akasoma ripoti yake. Mama yule alitoa mikate elfu moja na mia mbili kwa siku. Walimkandia unga watu kumi na wanne. Nyuma ya mikate walikuwapo wauza chai, nyuma ya wauza chai wauza sukari, nyuma yao mafundi wa baiskeli za kubebea mikate, na nyuma ya mafundi kinyozi, kwa sababu mtu akishashiba hukumbuka nywele zake.

“Mama mmoja,” Mheshimiwa Zegamba alinong'ona, “anaweza kulishusha taifa zima?”

“Kwa hamira, Mheshimiwa.”

Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Uwiano, na ikapitishwa Sheria ya Kuzuia Ukuaji Holela.

*

Nilikuwapo Bwana Lugendo alipoileta ilani, kwa sababu saa mbili asubuhi mimi huwa pale.

Tanuri lile alilijenga marehemu Kibwana, mume wa Bi. Siwema, kwa matofali ya udongo wa Mtoni. Kabla hajafa alimwachia mkewe wosia mmoja: lisipoe. Udongo ule ukishazoea moto, ukipoa unapasuka, na likipasuka yeye hayupo tena wa kulijenga. Miaka kumi na tisa halikuwahi kupoa. Bi. Siwema alilala akilisikiliza kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Kuni zilipoanza kuadimika aliandika barua tatu serikalini kuomba gesi, maana kutoka mlangoni kwake Ziwa Kimya linaonekana. Ya kwanza ilijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza imejibiwa. Ya tatu ilijibiwa na askari.

“Hodi hapa!”

“Karibu… Ala! Kumbe ni mlamba vyungu wa Kilimani! Nani kakufungua kamba leo?”

“Funga mdomo, mla kambale. Nimekuja kiserikali.”

“Serikali gani inatembea kwa miguu myembamba hivyo? Kaa, usije ukavunjika. Chukua mkate.”

Bwana Lugendo akachukua, kwa kuwa mtani akipewa hakatai. Akasoma ilani mdomo umejaa. Ilani ilisema tanuri liwe limezimwa ifikapo Ijumaa.

Uso wa Bi. Siwema ukabadilika. “Likizimwa linapasuka, Lugendo. Unajua hilo. Kibwana alikula na baba yako.”

“Ndivyo sheria inavyotaka, mtani. Si mimi.”

“Na wewe unataka nini?”

“Mimi nataka mwingine, ule wenye ufuta.”

Akapewa wenye ufuta. Bi. Siwema akamtazama anavyotafuna, akauliza polepole, “Hebu nieleze, msomi. Hasa kilichokatazwa ni nini? Kuoka?”

“Kuuza. Kitabu cha ng'ambo kinahesabu kilichouzwa na kununuliwa. Kisichouzwa hakionekani.”

“Kwa hiyo nikimpa mtu?”

“Ukimpa, kitaalamu hujampa.”

“Na hicho unachotafuna?”

Bwana Lugendo alivua miwani ya kuheshimika, akafikiri. “Kitaalamu, sili.”

Alipoondoka, Bi. Siwema aliipaka ile ilani mafuta, akaitandika kwenye trei. Alisema ni karatasi nzuri sana, haigandi na unga.

*

Ijumaa ilipofika, Bi. Siwema akatangaza arobaini ya marehemu mumewe. Watu walikuja na unga, sukari na mizigo ya kuni, wakavitua kama rambirambi. Walipoondoka, kila mmoja aliondoka na mikate, kama watu wanavyoondoka na chakula cha shughuli. Wakanda unga kumi na wanne wakawa wafiwa. Tanuri likaendelea kunguruma.

Bwana Lugendo alifika mbio. “Siwema! Kibwana alikufa miaka sita iliyopita! Arobaini gani hii?”

“Alikuwa mtu mnene, mtani. Hawezi kuisha kwa arobaini moja.”

Ofisa alitazama kushoto, akatazama kulia, akachukua mkate, akaandika katika fomu yake: *Msiba. Uchumi haukuonekana.*

Wiki iliyofuata marehemu akafanyiwa arobaini nyingine, na nyingine, na mtaa mzima ukajifunza. Kinyozi akanyoa watu kwa sababu ya kumbukumbu ya shangazi yake. Fundi cherehani akashona sare za harusi ya binti ambaye hajazaliwa. Mtu akipita Mtaa wa Tofali alidhani tauni imeingia: misiba kila nyumba, na maiti hakuna hata mmoja.

Serikali ilifurahi kupita kiasi. Vitabu vya takwimu vilionyesha uchumi ukishuka kama ndoo kisimani. Wizara zikashindana. Wizara ya Barabara iliotesha nyasi kwenye barabara kuu, ikapewa nishani. Kiwanda cha viberiti kilipongezwa kwa kufungwa, na meneja wake akalia kwa furaha, au angalau alilia. Salamu za zamani zikaonekana hazifai; redio ikatufundisha mpya. Mtu alikuuliza, “Hukui?” nawe ukajibu, “Sikui, kwa baraka za Baba Mlezi.” Mishahara na pensheni vikabadilishwa jina, vikaitwa heshima, na heshima ililetwa kwa barua. Barua yangu niliipeleka kwa mwenye nyumba. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia heshima yangu.

Kitabu kilipofika, tulikuwa wa kwanza tena. Zikagawiwa fremu mpya.

Lakini kukosa kukua ni kazi yenye njaa. Wakata kuni walipigwa marufuku, kwa kuwa kuni nazo ni uchumi. Rambirambi zikawa nyepesi: kilo ya unga, kisha kikombe, kisha pole tu, ambayo haikandiki. Mikate elfu moja ikawa mia mbili, mia mbili ikawa ishirini. Bi. Siwema hakuwa tena anaoka ili watu washibe. Alikuwa anaoka ili matofali yasipoe. Alianza kuchoma mabenchi ya wateja. Zikafuata rafu, kisha meza ya kukandia. Asubuhi moja nilimkuta ameketi chini, anapasua mguu wa kitanda.

“Hiki si kile ulichoolewa nacho?” nilimuuliza.

“Ndicho, mzee wangu. Kibwana alikipenda. Lakini kati ya kitanda chake na tanuri lake, najua angechagua nini.” Akausukuma mguu ule motoni, akaweka sikio kwenye ukuta wa tanuri. “Kitanda kitatufikisha Alhamisi. Ijumaa nitautia mlango motoni.”

*

Jumatano ya wiki hiyo kitabu kipya kilifika, na hatukuwamo.

Hatukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mheshimiwa Zegamba alikisoma kuanzia jalada mpaka jalada, halafu akakigeuza, akakikung'uta, isije ikawa tumenasa katikati ya kurasa. Ndani mlikuwa na barua. Chuo kile kilisikitika kutuarifu kwamba katika mwaka mzima hakikuweza kupata katika nchi yetu kitu hata kimoja kilichouzwa na kununuliwa. Uchumi wetu kimeuandika sifuri. Na kwa kuwa kitu hakigawanyiki kwa sifuri, nchi imeondolewa kwenye orodha.

“Lakini sifuri ndiyo ndogo kuliko zote!” Mheshimiwa alipiga meza. “Tungekuwa wa kwanza kupita wa kwanza!”

Bwana Lugendo alijitahidi kumweleza. Mimi ningemweleza kwa urahisi zaidi, kama nilivyoelezwa shule ya jioni: mkate upo, kisu kipo, lakini mlangoni hajaja mtu. Huwezi kusema kila mtu amepata kipande gani. Kipande hakipo, kwa sababu mkono wa kukipokea haupo.

Ahueni ilikuwa mwishoni mwa barua. Kama nchi ingeweza kuthibitisha kwa simu, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, kwamba kumeuzwa kitu chochote, hata kimoja, ingerudishwa katika nafasi yake.

Wakatafuta nchi nzima mtu wa kuuza kitu. Maduka yalikuwa makumbusho. Sokoni walikuwapo mbuzi peke yao, nao hawakuwa na mwenyewe. Alhamisi jioni mpelelezi mmoja akaripoti kwamba mahali pamoja tu bado panatoka moshi.

*

Ijumaa saa tano na nusu, msafara wa magari ishirini uliingia Mtaa wa Tofali. Ulileta bendi, simu ya upepo, na lori lenye jukwaa la mninga na tao lake lililochongwa maneno NAFASI YA KWANZA MILELE, ili ushindi usichelewe kutangazwa. Jukwaa likashushwa mbele ya tanuri.

Ndani mlikuwa na mkate mmoja. Mlango wa nyumba ulikuwa tayari motoni. Palikuwa na pazia tu, likipepea. Tanuri lilikuwa limeanza kutoa mlio, tik, tik, kama meno ya mtu mwenye baridi, na kila lilipolia Bi. Siwema alifumba macho.

“Mama,” Mheshimiwa Zegamba alisema, “taifa limekuja kununua mkate.”

“Taifa ni nani? Wewe? Si mjukuu wa yule aliyeiba ngoma yetu, ikamlilia njiani akakamatwa? Zegamba, mtani hauziwi. Chukua bure.”

“Bure hapana! Bure ndiyo iliyotuua!”

“Basi mlete asiye mtani wangu.”

Wakahesabiana. Mawaziri, Kilimani. Polisi, Kilimani. Madereva, Kilimani. Wapiga ngoma, Kilimani. Mheshimiwa akawageukia majirani waliosimama uwanjani, akamnyooshea kidole kinyozi.

“Wewe! Nunua mkate!”

Kinyozi alipiga magoti. “Sikui, Mheshimiwa! Naapa, sikui!”

“Leo nakuamuru ukue!”

“Mwaka jana yule aliyekua bado yuko ndani, Mheshimiwa. Sikui!” Akarudi nyuma kwa magoti, na majirani wote wakarudi naye. Mbele yao nikabaki mimi, kwa sababu magoti yangu hayapigwi kwa haraka.

“Wewe mzee, mtu wa wapi?”

“Nyikani, Mheshimiwa. Sina utani na upande wowote.”

Angenikumbatia kama protokali ingemruhusu. Akaniwekea sarafu moja kiganjani, akanisukuma mbele. Bi. Siwema akaupakua mkate, akauweka juu ya ubao. Ulikuwa mkate mzuri, umepanda, mgongo wake wa rangi ya asali.

“Mzee huyu nitamuuzia,” alisema. “Lakini kuni kwanza. Mnalisikia tanuri langu?”

“Kuni zitakuja baada ya simu.”

“Baada ya simu mtakuwa wa kwanza, na wa kwanza hamnunui kuni. Sasa hivi.”

“Kwa heshima yangu!” alisema Mheshimiwa.

“Heshima najua inavyowaka. Mzee huyu kaleta barua yake juzi, haikuchemsha hata kikombe.”

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na saba. Tanuri likalia, tik. Bi. Siwema akatazama matofali, akatazama lile jukwaa. “Haya. Mzee wangu, nunua. Mungu atajua pa kunitoa.”

Nikanyoosha mkono na sarafu. Hapo Bwana Lugendo, aliyekuwa anakokotoa pembeni, akapiga ukelele.

“Mheshimiwa! Gesi yote ya Ziwa Kimya, kwa mkate mmoja! Uwiano kama huu dunia haijapata kuuona! Wa pili watakuwa mbali nasi kama nyota!”

Mheshimiwa Zegamba akaushika mkono wangu hewani. Macho yake yalianza kung'aa. “Lugendo. Tukinunua nusu ya mkate?”

“Itakuwa mara mbili ya hapo, Mheshimiwa.”

“Kata.”

Mkate ukakatwa. Nusu ikawekwa mbele yangu. Nusu ya pili mpiga tarumbeta akaidaka, akaila, maana mbele ya mtani chakula kilichoachwa kimetolewa. Nikanyoosha mkono.

“Subiri, mzee! Usituharibie historia. Lugendo, na robo?”

“Mara nne!”

“Kata!”

Madereva wakala. Ikakatwa tena, polisi wakala. Kila niliponyoosha sarafu, waziri aliurudisha mkono wangu. Kipande kikawa kidole, kidole kikawa kucha. Bwana Lugendo alipiga kelele za tarakimu ambazo hata shule ya jioni hatukuzifikia. Alikuwa amevua miwani zote mbili na machozi yanamtiririka. Waziri mwenyewe akainama juu ya ubao na kisu, akakata punje, akaipasua, akaisukuma chembe moja katikati ya ubao kwa ncha ya kisu. Ilikuwa ndogo kuliko chawa.

“Hii,” alisema kwa sauti ya msikitini. “Hii ndiyo inayotufaa. Sasa, mzee. Nunua.”

Nikanyoosha mkono. Kuku wa Bi. Siwema, aliyekuwa chini ya ubao muda wote, akaruka juu, akadonoa mara moja, akashuka.

King'ora cha saa sita kikalia.

Simu ya upepo ilikoroma peke yake. Halafu Bi. Siwema akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akashika kiuno. “Msimlaumu kuku, Mheshimiwa. Kazaliwa Mtoni huyo. Mtani wenu.”

*

Mheshimiwa Zegamba hakuwa waziri bure. Alipanda jukwaani, akajifuta jasho, akavuta kipaza sauti.

“Ndugu wananchi! Mataifa mengine yamepangwa. La kwanza, la pili, la tisini. Sisi tumetazamwa, tumepimwa, na imeonekana kwamba sisi hatupangiki!”

Tulipiga makofi. Jumatatu ikawa sikukuu. Wizara ya Uwiano ikavunjwa, kwa kuwa hapakuwa na uwiano, na Sheria ya Kuzuia Ukuaji Holela ikabaki bila mtu wa kuisimamia, ikafa kimya kimya bila hata arobaini. Msafara ukaondoka. Jukwaa lilibaki, kwa sababu madereva walikataa kulipakia. Walisema kubeba ni uchumi na wao hawakui.

Tik, likalia tanuri. Tik, tik. Bi. Siwema alikuwa ameshaacha kucheka. Aliegemeza kiganja ukutani, na nilimwona midomo inamchezacheza, anazungumza na Kibwana.

Bwana Lugendo hakuwa ameondoka na wenzake. Alisimama pale na miwani zake mkononi, akalitazama jukwaa, akatazama tanuri. Kisha akaenda kwa jirani, akarudi na shoka.

“Mtani,” alisema, “huu mninga ni wa Kilimani. Kwa hiyo sikuuzii.”

“Acha maneno, miguu ya korongo. Pasua!”

Akapasua. NAFASI likaingia kwanza, kisha YA KWANZA, na MILELE, lililokuwa refu, likakatwa mara mbili. Moto ukalamba, ukasita, ukashika. Majirani walipoona, wakaingia majumbani mwao, wakatoka na zile fremu, wawili wawili, kama watu wanaobeba machela. Vyeti wakavitumia kuchochea. Tanuri lililia mara moja zaidi, kwa sauti kubwa, sote tukashika pumzi. Halafu likaanza kunguruma. Likanguruma kama zamani, na Bi. Siwema akakaa chini pale pale kwenye majivu, akalia.

Unga ulipatikana, kila mtu alikuwa ameficha wake kidogo. Alasiri mikate ya kwanza ikatoka. Nilitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa nijifute moshi machoni, nikaikuta ile sarafu. Nikamuuliza Bi. Siwema bei. Akanitajia, kwa sauti iliyokuwa na kutu ya kutotumika, nami nikalipa, na hakuna aliyeandika mahali popote.

Ulikuwa na harufu kidogo ya vanishi ya fremu, lakini uliiva vizuri. Niliula nikiwa nimesimama, nikilitazama Ziwa Kimya na askari wake sitini. Kwa kadiri nijuavyo, ndiyo mara ya kwanza katika nchi yetu Nafasi ya Kwanza kumpikia mtu kitu.